Mshipa Mkuu wa Damu: Historia Yake, Kutoka Kulazwa Kitandani Hadi Kutembea

Dada zangu, na nyie mabinti mnaojiandaa na harusi.

Leo naomba tuweke pembeni habari za shela, hina na vyombo. Nawaletea historia ya mshipa mmoja ambao kila mmoja wetu anao, na ambao watu wengi hawaujui mpaka siku umeleta shida. Naandika kutoka Kikwe, huku Meru mkoani Arusha, ambako nina duka la vitambaa na cherehani tatu. Hapa kwetu mtu akiambiwa hospitali kuwa mshipa wake mkuu umetanuka, jambo la kwanza ndugu wanalofanya ni kumkalisha. Asifagie, asiende shamba, asipande ngazi, asicheke sana. Wanafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini je, ni sahihi?

Nilipoanza kusoma habari hizi nikakuta kuwa ubishi huo si wa Kikwe peke yake. Madaktari wenyewe wameubishania kwa zaidi ya miaka 300: mgonjwa alale, au atembee? Nikakuta na jambo jingine lililonifurahisha kama fundi nguo. Baadhi ya waliosaidia kupata jibu walijifunza kwa watu wa sindano na uzi, tena wanawake.

Mshipa wenyewe

Mshipa huu unaitwa aota. Unatoka kwenye moyo, unapanda kidogo juu kifuani, unakunja kama mpini wa mwavuli, kisha unashuka mbele ya uti wa mgongo mpaka usawa wa kitovu. Hapo unagawanyika mara mbili kwenda miguuni. Damu yote inayokwenda mwilini inapita humo kwanza.

Kwa mtu mzima, aota ya tumboni huwa na upana wa kama sentimita 2. Ikifika sentimita 3 au zaidi, madaktari wanasema imetanuka, na hali hiyo wanaiita anyurizimu. Fikirini kitambaa cha goti la suruali kilichovaliwa muda mrefu. Pale kinapovutwa kila siku, nyuzi zinalegea na kitambaa kinafanya tumbo. Mshipa nao unalegea hivyo hivyo kwa sababu ya presha ya kupanda, sigara, umri, au udhaifu wa kurithi. Mara nyingi hauumi kabisa. Hatari yake ni kupasuka, au tabaka la ndani kuchanika damu ikaingia katikati ya kuta za mshipa.

Sisi Waislamu mshipa huu si mgeni kwetu. Sura ya 69, Al-Haqqa, katika aya ya 46 inataja al-watin, na wafasiri wengi wanaueleza kuwa ni mshipa wa moyo ambao ukikatika mtu hapati uhai tena.

Al-Zahrawi na onyo lake

Mganga wa Kigiriki aitwaye Antyllus, karne ya pili, alikuwa akitibu mishipa iliyovimba mikononi na miguuni kwa kuifunga kwa uzi juu na chini ya uvimbe. Elimu hiyo ilihifadhiwa na kuendelezwa na waganga wa Kiislamu. Mkubwa wao katika upasuaji alikuwa Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyeishi karibu na Cordoba katika Andalusia na kufariki mwaka 1013. Kitabu chake, Kitab al-Tasrif, kina sehemu 30, na sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, ikiwa na michoro ya vifaa vyake.

Humo aliandika mlango mzima kuhusu uvimbe unaotokana na mshipa wa damu. Alieleza namna ya kuutambua kwa kugusa, na akaonya wazi kuwa ule mkubwa, hasa wa kwapani, kinenani na shingoni, usiguswe kwa kisu. Alijua kuwa hakuwa na njia ya kuzuia damu ile. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini karne ya 12 na kikasomwa Ulaya kwa mamia ya miaka.

Baada yake akaja Ibn al-Nafis, aliyezaliwa Sham na kufanya kazi Cairo, akafariki mwaka 1288. Yeye ndiye aliyeeleza kuwa damu inatoka upande wa kulia wa moyo, inapita kwenye mapafu, ndipo inarudi upande wa kushoto na kuingia kwenye aota. Nawataja hawa ili binti akiambiwa kuwa kwenda kupimwa moyo ni mambo ya kizungu, awe na jibu.

Siku 40 za kulala na kufunga chakula

Sasa tuje kwenye ubishi wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 huko Bologna, Italia, waganga wawili, Valsalva na Albertini, walikuwa na tiba iliyojulikana sana kwa mtu mwenye aota iliyotanuka. Mgonjwa alilazwa kitandani siku 40. Alitolewa damu mara kwa mara. Alipewa chakula kidogo sana, akapunguzwa mpaka hana nguvu hata ya kuinua mkono. Mawazo yao yalikuwa kwamba damu ikipungua na mwili ukitulia, mshipa utapumzika na kusinyaa.

Tiba hii haikufa haraka. Miaka ya 1870, daktari Tufnell wa Dublin, Ireland, bado alikuwa akiwalaza wagonjwa chali kwa wiki nyingi, na chakula na maji kwa kipimo kidogo. Kwa hiyo mkwe anayemkataza mamake asitoke nje leo, bila kujua, anafuata dawa ya miaka 150 iliyopita.

Wakati huo huo jeshi la Uingereza lilikuwa na askari wengi vijana wanaokufa kwa kupasuka aota. Daktari mmoja wa jeshi, Myers, mwaka 1870 alilaumu nguo: kola zinazobana, mikanda ya kifuani, sare zilizokazwa. Ningekuwepo ningewaambia walete kwangu niwaachie nafasi kwenye mshono! Lakini miaka michache baadaye daktari mwingine wa jeshi, Welch, alichunguza miili na kuona kuwa wengi wao walikuwa na kaswende. Ugonjwa huo ukikaa mwilini miaka mingi bila tiba hula ukuta wa aota. Penisilini ilipopatikana miaka ya 1940, aina hiyo ikapungua sana. Ndiyo maana, mabinti, kipimo cha kaswende mnachopimwa kliniki ya wajawazito si cha kudharau wala cha kuonea aibu.

Mwalimu wa kudarizi wa Lyon

Kwa nini madaktari waliwalaza watu tu? Kwa sababu hawakujua kushona mshipa. Tarehe 24 Juni 1894, Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon. Mshipa mmoja mkubwa wa tumboni ulikatika, na akafariki usiku ule. Madaktari walikuwepo, lakini hakuna aliyeweza kuunganisha mshipa uliokatika.

Mjini humo alikuwepo daktari kijana, Alexis Carrel. Yeye hakukubali kuwa mshipa haushoneki. Lyon ulikuwa mji wa hariri, wenye wanawake mafundi wa kudarizi. Carrel akaenda kwa mmoja wao, Bi Leroudier, akajifunza kushona kwa sindano nyembamba sana na uzi wa hariri.

Mwaka 1902 akaandika njia yake. Naomba niwaeleze kifundi. Ukitaka kushona mkono wa gauni kwenye tundu la bega, huanzi tu kushona kuzunguka, utapotea na kitambaa kitajikunja. Unaweka pini sehemu kadhaa kwanza, halafu unashona kutoka pini hadi pini. Carrel alifanya hivyo hivyo. Aliweka nyuzi tatu kuzunguka mdomo wa mshipa, akazivuta, tundu la duara likawa na pande tatu zilizonyooka, kisha akashona upande mmoja mmoja. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel. Mpaka leo wapasuaji wa mishipa wanaanza na alichojifunza kwa mwanamke mdarizi.

Wazanzibari mnaoshona kofia za mkono, tundu baada ya tundu, miezi mizima kofia moja, mkiambiwa kazi yenu ni ya kupitisha muda, kumbukeni habari hii.

Leso ya hariri na cherehani ya nyumbani

Kushona kukapatikana, lakini ukikata kipande cha aota kilichotanuka, unaweka nini mahali pake? Tarehe 29 Machi 1951, mjini Paris, Charles Dubost alitoa aota ya tumboni iliyotanuka na kuweka kipande cha aota ya mtu aliyefariki. Ilifanya kazi, lakini vipande vya namna hiyo ni vigumu kupatikana na baada ya muda vinaharibika.

Huko New York, daktari Arthur Voorhees alikuwa ameona jambo dogo mwaka 1947. Uzi wa hariri uliobaki ndani ya moyo wa mbwa wa majaribio ulikuwa umefunikwa na utando laini, kama ngozi ya ndani ya mshipa. Akajiuliza, kama mwili unaukubali uzi, si utakubali na kitambaa? Akachukua leso ya hariri, akaishona kuwa mrija, akaijaribu. Baadaye akatumia kitambaa cha Vinyon-N, na mwaka 1952 yeye na wenzake wakatangaza matokeo.

Kisha akaja Michael DeBakey. Alizaliwa mwaka 1908 Lake Charles, Louisiana, Marekani, kwa wazazi waliohamia kutoka Lebanon. Mama yake alikuwa mshonaji hodari, na alimfundisha mwanawe kushona tangu mdogo. Miaka ya 1950, akiwa daktari Houston, alikwenda duka kubwa la nguo kutafuta nailoni. Nailoni ilikuwa imekwisha. Muuzaji akampa kitambaa kipya kinachoitwa Dacron, ambacho ni poliesta. DeBakey akakirudisha nyumbani, akakata, akakaa kwenye cherehani ya mkewe na kushona mirija ya kwanza kwa mkono wake. Baadaye mtaalamu wa nguo wa Philadelphia alimtengenezea mashine ya kufuma mirija isiyo na mshono. Poliesta hiyo hiyo ambayo wateja wangu wanaikataa wakitaka satini, imo ndani ya miili ya watu wengi duniani ikiwapitishia damu.

Kisa chake hakikuishia hapo. Tarehe 31 Desemba 2005, akiwa na miaka 97, DeBakey mwenyewe alichanika aota. Mwanzoni hakutaka kupasuliwa. Februari 2006 hali ikawa mbaya, na madaktari, baadhi yao aliowafundisha, wakamfanyia upasuaji ambao yeye alikuwa mmoja wa waliouanzisha. Akapona, akarudi kazini, akafariki Julai 2008, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka 100.

Miaka ya karibuni njia imekuwa nyepesi zaidi kwa baadhi ya wagonjwa. Nikolai Volodos huko Kharkiv mwaka 1987, na Juan Parodi huko Buenos Aires mwaka 1990, walipitisha mrija wa kitambaa ndani ya mshipa kutoka kinenani, bila kupasua kifua wala tumbo.

Mtu aliyeishi nayo

Albert Einstein mnamfahamu. Desemba 1948 alipasuliwa tumbo huko Brooklyn, na daktari Rudolf Nissen akakuta aota iliyotanuka sana. Kitambaa cha kubadilishia kilikuwa hakijapatikana bado. Nissen akauzungushia mshipa karatasi ya selofeni, ile nailoni ngumu inayong'aa ya kufungia zawadi, ili mwili utengeneze kovu na ukuta ukazike.

Einstein aliishi zaidi ya miaka sita baada ya hapo. Hakulazwa chali. Aliendelea na kazi yake Princeton, mji uliozoea kumwona akitembea kwa miguu kati ya nyumbani na kazini. Aprili 1955 mshipa ulipasuka. Wakati huo upasuaji ulikuwa umeanza kuwezekana, lakini aliukataa, na akafariki tarehe 18, akiwa na miaka 76.

Kusubiri kukawa tiba

Upasuaji ulipozoeleka, swali likageuka. Je, kila mshipa uliotanuka upasuliwe haraka? Uingereza walifanya utafiti kwa watu 1,090 wenye aota ya tumboni ya sentimita 4 hadi 5.5. Nusu walipasuliwa mapema, nusu walisubiri wakipimwa kwa altrasaundi. Matokeo yakatolewa mwaka 1998: waliopasuliwa mapema hawakuishi zaidi ya waliosubiri. Marekani wakafanya utafiti kama huo kwa watu 1,136, na mwaka 2002 wakapata jibu lile lile.

Tangu hapo kusubiri kwa kupima ni tiba kamili. Daktari anayekwambia urudi baada ya mwaka hajakufukuza. Uingereza, kwa mfano, mwenye sentimita 3 hadi 4.4 anapimwa kila mwaka, na mwenye 4.5 hadi 5.4 kila baada ya miezi mitatu. Ikifika 5.5 ndipo wanazungumza upasuaji. Wanawake tunapata tatizo hili la tumboni kwa uchache kuliko wanaume, lakini tukilipata, mshipa wetu hupasuka ukiwa mdogo zaidi. Ndiyo maana madaktari wengi kwa mwanamke wanafikiria upasuaji kuanzia sentimita 5.

Likabaki swali la mwisho: anayesubiri, atulie au afanye mazoezi? Huko California, watafiti wa Stanford waliwachukua watu 140 wenye aota ya tumboni iliyotanuka kidogo. Baadhi wakapewa mazoezi ya kutembea, baiskeli na mengineyo, yakisimamiwa, kwa muda wa hadi miaka mitatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Mishipa ya waliofanya mazoezi haikukua haraka kuliko ya wengine, na wao wakawa na pumzi na nguvu zaidi. Siku 40 za Valsalva zikawa zimepata jibu lake.

Kwetu Tanzania

Msidhani presha ni ugonjwa wa mjini tu. Miaka ya 1990 watafiti walipima watu wazima wa Dar es Salaam na wa kijiji cha Shari wilayani Hai, jirani zetu hapa upande wa Kilimanjaro. Hata kijijini, zaidi ya robo walikuwa na presha ya kupanda. Waliojua kuwa wanayo hawakufika mmoja kati ya watano. Watu wa migomba na kahawa, wanaopanda na kushuka vilima kila siku, na bado mshipa unasukumwa kimya kimya.

Kuhusu tiba, tumetoka mbali. Kabla ya mwaka 2008 mgonjwa wa kupasuliwa moyo alipelekwa nje, mara nyingi India. Mwaka huo upasuaji wa moyo ukaanza Muhimbili, na mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, ambayo madaktari wake wamekuwa wakifika pia mikoani kupima watu. Huku kaskazini tuna KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na hospitali ya mkoa ya Mount Meru. Nyie wa Unguja mna Mnazi Mmoja.

Mama mkwe wangu ni mmoja wa wanaosubiri kwa kupimwa. Alikwenda altrasaundi kwa ajili ya figo, ikaonekana aota ya tumboni ina sentimita 3.8. Daktari alimwambia mambo matatu: ameze dawa za presha kila siku, arudi baada ya mwaka, aendelee kutembea. Shemeji zangu walisikia neno mshipa, wakamnyang'anya jembe na fagio. Miezi minne amekaa barazani. Akanenepa, magoti yakauma, presha ikapanda, na mama aliyekuwa mcheshi akawa analia akiulizwa hali. Mume wangu akampeleka tena kwa daktari pamoja na kaka zake wote wawili, wakaambiwa wakiwa pamoja. Sasa anatembea asubuhi kando ya mfereji nusu saa, anachuma mboga, anakuja dukani kwangu kukata nyuzi. Ndoo ya lita 20 habebi, wala mkungu wa ndizi. Mwaka huu kipimo kimeonyesha 3.9. Alhamdulillah.

Kwa bi harusi hasa

Mtasema, haya ni ya wazee. Sivyo. Flo Hyman alikuwa mchezaji mashuhuri wa voliboli wa Marekani, mwenye medali ya fedha ya Olimpiki ya Los Angeles 1984. Alikuwa na urefu wa karibu mita 2. Januari 1986, akiwa na miaka 31, alianguka akiwa amekaa benchi katikati ya mchezo huko Matsue, Japani, na akafariki. Aota ilikuwa imechanika. Ikagundulika kuwa alikuwa na hali ya kurithi iitwayo Marfan, kwa jina la daktari wa Paris aliyeieleza mwaka 1896. Kifo chake kilifanya ndugu zake wapimwe, na mmoja wao akakutwa na tatizo hilo hilo akatibiwa mapema.

Mwenye Marfan mara nyingi ni mrefu mwembamba, mikono na vidole virefu kupita kawaida, kifua kimeingia au kimetoka, na macho yana shida. Sisi mafundi tunapopima bi harusi tunakutana na wasichana ambao mikono ikinyooshwa inazidi urefu wa mwili. Futi yangu haimpi mtu ugonjwa, na urefu ni uzuri aliopewa na Mola. Lakini binti mwenye dalili hizo, au ambaye baba, mama, kaka au dada yake alifariki ghafla akiwa kijana, apimwe moyo kwa kipimo cha eko kabla ya kubeba mimba. Mimba huongeza kazi ya moyo, na mshipa dhaifu unaweza kuchanika, hasa miezi ya mwisho na wiki za baada ya kujifungua. Miongozo ya Ulaya inasema mwenye Marfan ambaye aota imezidi sentimita 4.5 asibebe mimba kabla ya kutibiwa. Walio chini ya hapo wengi wanazaa salama wakiwa chini ya uangalizi.

Jambo hili asifichwe bwana harusi, na bwana harusi asilitumie kumvunjia binti heshima. Kujua mapema ni rehema.

Tunayoyachukua kutoka historia hii

Haya hayachukui nafasi ya daktari wako, lakini ukiwa na mtu nyumbani anayesubiri kwa kupimwa, yashikeni:

- Kutembea ni dawa yake. Mwendo ambao anaweza kuongea bila kukatika pumzi unatosha.
- Asibebe wala kusukuma vitu vizito mpaka abane pumzi. Kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Choo kigumu nacho ni hivyo hivyo, ale matunda na mboga.
- Presha ipimwe na dawa zisirukwe. Sigara na shisha ziachwe kabisa.
- Asikandwe tumbo kwa nguvu, hata na mkandaji mzoefu.
- Asinunue dawa za siprofloxasini na jamii yake dukani bila kumweleza daktari. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya aota kuchanika au kupasuka.
- Sala inaendelea. Akichoka, dini imempa ruhusa ya kukaa. Akienda Hija, safari saba za Safa na Marwa ni kama kilomita 3, aulize daktari kabla, na kiti cha magurudumu si aibu.
- Maumivu makali ya ghafla ya kifua, mgongo au tumbo, kizunguzungu au kuzimia: ni hospitali saa hiyo hiyo. Si chai ya tangawizi, si kusubiri kuche.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kujitibu na kisha kutegemea. Al-Zahrawi alijua mpaka wa kisu chake, Bi Leroudier alimfundisha daktari kushika sindano, mama wa DeBakey alimfundisha mwanawe kushona. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Sisi tulicho nacho ni kumpeleka mzee kupimwa, kusikiliza maneno yote ya daktari mpaka mwisho, na kumshika mkono atembee.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu, awajaalie mabinti ndoa zenye afya na utulivu. Amin. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mtoe mama au bibi matembezi.